Kurasa Nne kwa Padre

Msambweni, Jumanne

Kwa mdogo wangu Danieli,

Shikamoo yako niliikuta mwanzoni mwa barua yako, marahaba. Nashukuru kusikia kwamba mguu wa shemeji umepona na kwamba mvua imewanyeshea vizuri huko Usambara. Kifua chako je, baridi imekiachia? Mimi mwili wangu ni mzima. Hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo, na nimeitanguliza kwa sababu sina nyingine.

Mke wangu Anastasia amefariki. Tulimzika wiki tano zilizopita. Sikukuandikia mapema kwa kuwa kila nilipoishika kalamu niliiogopa, na sababu yake utaiona.

Unakumbuka baba alivyokataa kumpokea mkwe Mkatoliki kutoka Bura, nami nikahamia huku pwani kuwa karani wa shamba la miwa. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu, na hakuna aliyetuuliza nani husali wapi. Lakini ndani ya nyumba tulibishana miaka thelathini. Nilimwambia kwamba mtu huokolewa kwa imani tu, si kwa matendo yake wala kwa rozari. Yeye, aliyezoea kuniita Mwalimu kwa utani, alinijibu huku akipakua chakula:

"Haya Mwalimu, kama matendo hayana kazi, wali huu ni tendo langu. Uache, ule imani yako."

Jirani yetu Bi Mwanasha, akitusikia uani, alipaza sauti: "Nyie wawili, Mungu wenu mmoja, Isa wenu mmoja, mwagombania nini? Au ni mchuzi?"

Nilicheka, nikala. Ubishi ule ndio uliokuwa mazungumzo yetu, kama watu wengine wanavyozungumza habari za watoto, ambao sisi hatukujaliwa.

Tumbo lilipomvimba, daktari hakutuficha, naye Anastasia akataka kufia nyumbani. Jumamosi moja aliniita kitandani. "Mwalimu, niitie padre. Nataka niungame, anipake mafuta." Siku ya ndoa yetu niliahidi kwa sahihi yangu kwamba sitamzuia katika dini yake. Nikamwambia nitaandika.

Padre anakaa Mombasa. Barua huchukuliwa na dereva wa lori la shamba, anayepita Kombani hadi kivuko cha Likoni kila Jumatatu na Alhamisi. Nilikaa mezani Jumapili nzima. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu: Njoo, mke wangu anakufa. Lakini niliona haya, Danieli. Niliogopa padre atadhani kwamba mimi, niliyewafundisha ninyi katekisimu, nimekubali kwamba mafuta yake yanaokoa. Nikaanza kueleza. Niliandika juu ya neema, juu ya mtume Paulo na mtume Yakobo, nikafuta, nikanakili upya. Jumatatu lori liliondoka nikiwa katika ukurasa wa tatu.

"Umeandika?" aliniuliza.

"Nakaribia kumaliza."

"Ni barua, Mwalimu, au ni kitabu?" Alitaka kucheka, maumivu yakamkatiza.

Barua iliondoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikata roho, uso ameuelekeza mlangoni. Tangu barua ilipoondoka, kila mlango ulipolia alikuwa akiuliza, "Ni yeye?" nami nikimwambia bado.

Padre alifika Jumamosi kwa pikipiki. Ni Mzungu mzee aliyeletwa huku baada ya vita kuu ya pili. Mafuta alikuwa nayo mfukoni. Aliitoa barua yangu akaiweka mezani.

"Kurasa nne," alisema. "Ombi lako liko katika mstari wa mwisho."

Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nazunguka mahali pamoja. Kama mimi ndiye niliyekuwa na haki, Anastasia yuko salama, wala mafuta hayakuwa na kazi. Lakini alikufa akiwa na hofu, na hofu ile nilimtia mimi. Kama haki ilikuwa yake, basi yuko toharani anangoja kutakaswa, na aliyemcheleweshea msaada ni mumewe. Katika njia zote mbili sioni pa kusimama. Msamaha naujua kwa moyo, aya kwa aya. Nauamini kama mtu anavyoamini ratiba ya garimoshi ambalo halisimami kwenye stesheni yake.

Leo asubuhi padre alikuja kusali misa katika banda la kupimia miwa. Nilimfuata kabla hajavaa nguo zake, nikamwomba misa ya leo iwe ya Anastasia.

"Unaamini itamsaidia?"

"Hapana, Padre."

"Basi kwa nini waiomba?"

"Yeye aliamini."

Alinitazama sana. "Mzee, umeniletea tendo lisilo na imani. Hata sisi Wakatoliki hatufundishi hivyo."

Kisha akavaa nguo nyeusi za misa ya wafu, akaisali. Kilatini sikijui, nililolielewa ni jina la Anastasia tu. Lilipotajwa nikapiga magoti juu ya makapi ya miwa pamoja na wavunaji, mimi niliyekuwa nikisimama nje miaka yote kumsubiri. Moyoni hakikutokea kitu. Sikupata faraja, na sitaki udanganyike kwamba nimeipata. Lakini padre akirudi mwezi ujao, nitamwomba tena.

Najua kanisa letu haliombei wafu. Hata hivyo, mnapokaa kusali jioni, wewe na shemeji, mtajeni Anastasia. Hamkuwahi kumwona, lilikuwa kosa letu sote.

Nisalimie shangazi yetu, na umwambie kwamba Anastasia aliivaa ile khanga aliyomtumia hadi ikachakaa. Nisalimie binti yako mwenye jina la mama, na mume wake. Mchungaji naye mpe salamu za heshima, umweleze habari ya misa bila kumficha. Akiona ni lazima kulifuta jina langu katika kitabu cha washarika, na alifute. Sitamwandikia kujitetea.

Ni mimi kaka yako,
Elieza