Kisanduku cha Nne

Kaka yangu mpendwa,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu Jumanne ya wiki iliyopita: tak, ya plagi ikichomolewa ukutani. Nilitaka kuanza kwa kukujulia hali kama inavyopasa, lakini sauti hiyo imenitangulia. Basi, hujambo kaka? Wifi naye hajambo? Na mtoto, ameshaanza kukaa? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakusalimu sana, goti lake limepoa kidogo, na bado anakulaumu kwa kuoa mbali.

Nakuandikia kuhusu visanduku vyako vya radi. Najua una kazi, na una mtoto asiyelala, na huenda barua pepe zangu saba zimefunikwa na nyingine. Ndiyo maana safari hii nimeshika kalamu.

Ulipoondoka uliniachia visanduku tisa katika nyumba tisa, yetu na nane za watu waliokubali kwa moyo mwema kutupa soketi moja na pembe ya paa. Ulinifundisha kwamba kila kimoja husikia radi inapopasuka, na vinne vikiisikia kwa pamoja, kompyuta hupiga hesabu na kuweka nukta nyekundu kwenye ramani ambayo yeyote anaweza kuifungua katika simu. Vikiwa vitatu, hakuna nukta. Ulisema tisa ni vingi, kwamba hata vikifa vitano hatutaona tofauti. Kaka, vimekufa vitano.

Hakuna aliyetufanyia ubaya. Mwenye duka la dawa alihama. Fundi cherehani alihitaji soketi kwa ajili ya friji, akaniomba radhi kana kwamba amenivunjia ndoa. Mwalimu wako wa fizikia alifariki, na wanawe walipogawana vitu hawakujua kile ni kitu gani, wakakitupa pamoja na redio mbovu. Kingine kiliungua kwa radi. Cha tano kipo, taa inawaka, ila hakisemi lolote, nami sijui nikifungue wapi. Nimepanda mapaa mpaka watu wananiita Bi Antena. Nilipotafuta wengine wa kujitolea, wote waliisifu kazi, wakasema wataulizana kwanza nyumbani.

Halafu kuna mama. Unamjua: ngurumo ikisikika hata ya mbali, anazunguka nyumba nzima akichomoa, kwanza televisheni, kisha pasi, kisha kisanduku chako. Nimegombana naye miaka mitatu. Nilimwambia kuchomoa kisanduku radi inapokuja ni kumpa mlinzi likizo siku ya wizi. Akasema hajawahi kuona mwenye akili timamu akiifungulia radi mlango, na kama hicho ndicho nilichokwenda kusomea, heri angenipeleka kwenye ususi.

Sijui kama ulijua kwamba kule kwenye uwanja wa matofali wanatutegemea. Ni peupe, hakuna mti wala banda ila kiofisi kimoja mwisho kabisa. Zamani ngurumo ikisikika kila mtu alikimbilia humo. Tangu wapate ramani yako, msimamizi anatazama simu kwanza: nukta zikiwa mbali kazi inaendelea, zikikaribia anapuliza filimbi. Nilikuandikia mwaka jana kwamba ramani isiyo na radi na ramani isiyoona radi zinafanana kabisa, zote nyeupe pe. Ulijibu kwamba utairekebisha wikendi.

Jumanne alasiri wingu lilipotanda, watu wakaanza kuweka chini kalibu zao za kufyatulia matofali. Msimamizi akawaonyesha simu, akawaambia ramani ni safi, waache uvivu, hiyo radi ni ya majirani. Mmoja akatania kwamba siku hizi mbingu nayo inaomba ruhusa kwa simu. Wakacheka, wakaendelea. Dakika kumi baadaye radi ikapiga kwenye rundo la matofali mabichi.

Unamkumbuka Kinanda, aliyetubebea ngazi tulipofunga antena ya kwanza, akiimba njia nzima? Alikuwa kando ya rundo lile. Yu hai. Lakini hasikii, masikio yote mawili, na daktari anasema tusubiri. Wodini anaimba kwa sauti kubwa mno kwa kuwa hajisikii, na wauguzi hawana moyo wa kumnyamazisha.

Msimamizi alikuja nyumbani kuuliza kulikoni. Kabla sijafungua kinywa, mama akasema ni yeye, amechomoa kama kawaida yake. Mtaa mzima uliamini. Nani asingeamini? Akaenda hospitali akampigia magoti mke wa Kinanda, na goti lake lile.

Kaka, mama hakuwepo nyumbani. Ni mimi niliyechomoa. Ngurumo ilipasuka juu ya paa, nikakikumbuka kile kilichoungua, nikawaza kwamba kikiungua na hiki hatuna kingine, na wewe hujibu. Nikakiokoa, vikabaki vitatu. Nilikiokoa kisipigwe na radi, kitu ambacho hakina kazi nyingine duniani ila kuisikiliza. Mama aliporudi alinikuta nimekikumbatia, akaelewa.

Juzi nilikwenda uwanjani nikamweleza msimamizi mbele ya watu wake. Kisha nikaenda wodini nikamwandikia Kinanda kwenye daftari. Alisoma mara mbili, akageukia ukutani. Hakuimba tena siku ile.

Jana mchana niliingia kwenye kompyuta yako kwa nywila uliyonipa, nikaifunga ramani. Atakayeifungua sasa atakuta maneno haya tu: Hatuoni tena. Mkisikia ngurumo, kimbieni. Visanduku vyote vinne nimevikusanya, nimewashukuru wenye nyumba, na nimeviweka chini ya kitanda chako cha zamani. Usijisumbue kuirekebisha wikendi.

Mpakate mtoto kwa niaba ya shangazi yake, na wifi umfikishie salamu za mama, ambaye haniongeleshi tangu nilipokiri, ila bado ananipakulia kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwachia ngazi.