Dumu la Lita Ishirini

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unalalamikia magunia ya hapa ghalani. Magoti yako yanaendeleaje?

Mama, kila siku unakwenda dukani: mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni kipande. Rejareja inakula watu. Sisi tunaouza jumla tunaona. Nimekutumia dumu la mafuta, gunia la mchele na katoni ya sabuni. Sasa pumzika.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, hayajahama. Mzigo umefika, Mungu akuzidishie.

Ila mafuta yanakwenda mbio. Ya kupima nilikuwa nayabana. Haya ya dumu mkono umekuwa mwepesi, mboga zinaogelea. Na shangazi yako kila Ijumaa anakuja na chupa. Mtu mwenye dumu zima atasemaje hana? Mwenye duka naye ananiulizia kwa watu, anadhani nimemnunia.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwenye duka anaulizia faida yake, usimjali. Shangazi mwambie mafuta yamekwisha. Nimetuma dumu lingine. Usitembee juani kwa ajili ya robo ya sukari.

Binti yako

30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Mzigo haujafika, au nimekukosea? Nijibu hata mstari mmoja, roho haijatulia.

Binti yako

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke, naandika mwenyewe. Ni mguu tu ndio umefungwa.

Niliinua dumu nijaze chupa ya jikoni, likanizidi nguvu. Mafuta yakamwagika, nikateleza, nyonga ikavunjika. Nililala pale sakafuni mpaka kesho yake. Niliita, sauti haikufika njiani. Zamani nikikosa kupita asubuhi moja tu, mwenye duka anatuma mtu aje anitazame. Safari hii nani angeshangaa? Wote wanajua nina kila kitu ndani.

Aliyenikuta ni shangazi yako, na chupa yake. Sikuwa nimemwambia yamekwisha. Niliona haya kumdanganya, na siku ile nilishukuru kwa haya hiyo.

Niliogopa, mwanangu. Sikuogopa kufa, niliogopa kufa bila mtu kujua.

Mama yako

27 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea ghalani, nikakaa chini kati ya madumu nikalia. Bosi amenipa ruhusa, nitafika Jumamosi. Tutakwenda dukani pole pole, hata kama ni kwa kiberiti tu.

Nisamehe, mama. Nilidhani kule ulikuwa unafuata mafuta.

Binti yako