Soda ya Posa

Zinacantán, 3 Februari

Kaka Manvel,

Shikamoo. Huku mlimani baridi tu, mahindi yapo. Zahanati wamenipima. Wanasema mwili wangu umeanza kuwa kiziwi kwa insulini. Kisukari hakijaingia, kinabisha hodi. Sikifungulii. Tortilla za mahindi nimepunguza, maharage na mboga nimezidisha, na kila asubuhi napanda mpaka kwenye msalaba wa juu. Posa ya mwanao Antun nitakuja. Ila soda sinywi.

Dada yako,
Paxku

Tuxtla, 11 Februari

Dada Paxku,

Marahaba. Sisi wazima, joto linatutoa roho. Lakini we dada, una wazimu? Shangazi wa bwana harusi ukatae glasi ya baba wa binti? Ukikataa soda yake umemkataa na mtoto wake. Mama alikunywa maisha yake yote. Kama huwezi, baki nyumbani.

Kaka yako,
Manvel

Zinacantán, 16 Februari

Kaka,

Shikamoo, ingawa umeniudhi. Mama alikunywa, ndiyo, na mwishowe akawa ananipapasa uso ajue ni mimi. Wewe ulikuwa Tuxtla. Macho yangu ndiyo yanayofuma nguo, na siyatoi kwa glasi ya mtu. Kubaki, sibaki! Wazee waliposhindwa na pombe ya pox walifanyaje? Walipokea, wakashukuru, wakagusisha midomo, wakamimina kwa faneli kwenye chupa yao wakaenda nayo nyumbani. Nani aliwaita wakaidi? Kama pox inamiminwa, soda ina cheo gani?

Dada yako,
Paxku

Tuxtla, 9 Machi

Dada,

Hujambo? Samahani kwa kimya. Siku ya posa nilirudi na hasira njia nzima. Ulipotoa ile chupa mbele ya baba wa binti, nilitamani ardhi inimeze. Mzee akakukodolea macho. Halafu mkewe naye, kimya kimya, akatoa chupa chini ya shali yake, akakwambia, "Mama, niazime faneli." Nikadhani posa imekufa. Kumbe mzee anacheka mpaka anakohoa! Binti tumepewa.

Wiki hii nami nimepimwa. Mwili wangu kiziwi kama wako. Nitumie faneli, na usimwambie mtu.

Kaka yako,
Manvel

Zinacantán, 14 Machi

Kaka Manvel,

Shikamoo, na pole sana. Nimelia kidogo, kisha nimekasirika, maana wewe sikuachi ufe.

Faneli ipo. Situmi. Ifuate mwenyewe, nitakuwa nayo juu msalabani. Upande kwa miguu.

Dada yako,
Paxku