Kipaji cha Shemeji Nestori

Jumanne, 5 Septemba 1995. Mikumi.

Na hata kama walifanana na kuku, hakupaswa kusema mbele ya watu. Wale walikuwa njiwa. Wawili, midomo imegusana, chini yao jina langu na la Deo. Niliwachora mwenyewe kwenye shuka jeupe la ukumbini, siku nne nzima. Siku ya harusi kaka yake Deo, shemeji Nestori, akasimama na soda yake, akauliza kwa sauti hao kuku tunawachinja saa ngapi. Ukumbi wote ulicheka. Mama mkwe alicheka. Mchungaji naye alicheka.

Leo ni wiki ya sita. Asubuhi nimepiga pasi shati la Deo la bluu. Kola yake haiishi harufu ya mbao, hata nikiifua mara tatu. Sitaki iishe. Akianza kuranda uani naacha kila kitu, nasimama dirishani. Vumbi la mbao linamkaa kwenye kope. Namwita, nampulizia, anarudi kazini akicheka. Jamani, nimeolewa.

Lakini Nestori atalipa. Naandika hapa nisije nikalegea.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimejishusha. Sirudii tena.

Deo anatengeneza vibao vya matangazo, Nestori anavichora na kuviandika. Kazi ni nyingi mpaka hazishikiki. Tangu biashara zimekuwa ruksa kila mtu anafungua duka, saluni, gesti, na kila mmoja anataka kibao kikubwa kuliko cha jirani. Na huu ni mwaka wa uchaguzi. Mwezi mzima Nestori anaandika PIGA KURA. Kwenye mbao, kwenye vitambaa, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. KURA, KURA, KURA.

Basi nikaona anahitaji msaidizi. Nikampelekea chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikamwomba anifundishe kuchora. Akajigonga kwenye kipaji cha uso kwa ncha ya brashi.

"Kipaji kiko hapa, shemeji. Mungu anakuwekea ukiwa tumboni. Hakifundishwi. Wewe pika."

Wewe pika. Nimemaliza kidato cha nne. Wewe pika.

Jioni nilimweleza Deo. Akanibusu palepale, katikati ya kipaji cha uso, akasema hiki hapa ni chake na hakigawi. Niliyeyuka. Nilisahau hata ugali jikoni.

Lakini sikusahau neno.

Jumapili, 10 Septemba

NIMEMKAMATA.

Nestori huchorea nyuma ya turubai. Haruhusu mtu kuingia mpaka kazi iishe. Halafu anaita watu waje kumwona akimtia mnyama macho. Wanapiga makofi. Wanasema amezaliwa nacho.

Leo alikwenda kanisani, Deo amelala. Nikaingia. Kuna bao kubwa la hoteli mpya ya Mama Tabu, kule barabarani. Tembo ameanza. Na chini ya rangi, kila mahali, mistari ya penseli. Miraba! Myembamba, sawasawa, yenye namba pembeni. Kwenye msumari ametundika tembo wa kalenda, naye amechorewa miraba midogo yenye namba zilezile.

Nilicheka peke yangu. Hiyo ni kukuza ramani. Jiografia. Mwalimu wetu alituchapa kwa ajili ya miraba hiyo. Kumbe hilo ndilo Mungu alilomwekea tumboni: rula na penseli. Na kitambaa cha mafuta ya taa kiko pembeni: akimaliza anaifuta, ndipo anaita watu.

Sijamwambia Deo. Naionja kwanza mwenyewe.

Jumamosi, 16 Septemba

Wiki nzima nimechora. Deo akiondoka kupeleka kazi, natoa rula. Nimemchukua twiga wa kalenda. Wa kwanza alikuwa ngazi yenye masikio. Wa pili mbuzi mwenye shida. Wa tatu sisemi. Vidole vimeota sugu. Leo wa sita. Nimemweka mezani, Deo akaingia, akasimama.

"Huyu twiga anatutazama."

Nililia. Nilimrukia na rangi mikononi, shati la bluu limeharibika, hakujali. Amesema atanirandia ubao wangu mwenyewe wa mninga. Kuna mwanamke mwingine duniani anaahidiwa mninga?

Jambo moja tu linanikera. Nilichungulia tena kwa Nestori. Tembo wake ana uzito. Unaona kabisa akikukanyaga utakufa. Twiga wangu hana uzito, amesimama kama karatasi. Miraba hainipi hilo. Namchukia zaidi.

Jumanne, 19 Septemba

Leo naandika huku nacheka.

Tembo amekwisha. Yamebaki maneno. Mama Tabu aliagiza kwa mdomo: KULA HAPA, LALA HAPA. Nestori alikuwa ameshayapanga kwa chaki, kopo la rangi nyekundu limefunguliwa. Nikaingia na chai. Nikasoma.

KURA HAPA, LALA HAPA.

Nikasoma tena. Mwezi mzima mkono wake umeandika KURA, leo umeandika wenyewe. Mkono umejifunza! Yule asiyefundishwa amefundishwa na mkono wake mwenyewe, na umemfundisha vibaya. Ningesema neno moja angefuta kwa kidole.

Niliweka kikombe taratibu.

"Herufi zimekaa vizuri, shemeji."

"Zitakosaje?" akasema. Akachovya brashi.

Nikaenda kupika. Si ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 20 Septemba

Siku tamu. Baada ya harusi, hii ndiyo ya pili.

Walilitundika saa mbili asubuhi. Deo hasomi vibao vya kaka yake, anaangalia kama vimenyooka tu. Kufika saa nne barabara nzima inacheka. Madereva wa malori ya Zambia wamesimama. Mmoja akaomba kura moja ya wali, nyama pembeni. Mwingine akauliza kama sanduku liko jikoni au chumbani. Mtendaji wa kata akaja na baiskeli, hacheki hata kidogo, anataka kujua nani kafungua kituo cha kupigia kura kwenye hoteli. Akaamuru bao lishushwe.

Mama Tabu akamgeukia Nestori mbele ya wote.

"Nestori, huyu tembo wako angeandika mwenyewe."

Nilikuwa kwenye genge la nyanya ng'ambo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilitaka aone kwamba nacheka. Hakuniona. Alikuwa akisoma herufi moja moja, midomo inacheza. Halafu akaacha kutazama bao, akautazama mkono wake. Akaugeuza, kiganja juu, kama anamkagua mtu aliyemwibia.

Kuku wanachinjwa saa ngapi? Saa nne.

Alhamisi, 21 Septemba

Deo amejua. Alikumbuka kikombe cha chai mle ndani.

"Uliiona ile R?"

Ule uso siwezi kuudanganya. Nikasema niliiona.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa, akasema polepole:

"Mbao zile ni zangu. Misumari nilipigilia mimi. Ulinicheka na mimi."

Sikuwa nimefikiri hivyo. Naapa sikufikiri. Nilimwona Nestori tu.

Wateja wawili wameshatuma watu kusema wanatafuta fundi mwingine. Nestori amepanda basi la kwenda Kilosa, kwa mama mkwe. Hakuaga. Ameacha brashi zake mezani na rangi nyekundu imezikaukia. Mchoraji haachi brashi hivyo.

Deo aliranda mchana kutwa. Nilisimama dirishani. Vumbi lilikuwa kwenye kope. Alijifuta kwa mkono wake.

Ijumaa, 22 Septemba

Mama Tabu aliniita. Amesikia kwamba nimesoma na nimemchora twiga. Bao bado halijashushwa: niirekebishe R iwe L, mtendaji amekubali libaki.

Nilipanda ngazi. Deo aliishika chini, macho kwenye misumari yake. Nikafuta kichwa cha R, nikafuta mguu, nikavuta mstari wa chini. Nikapaka. Watu walikusanyika, wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe na wewe dada umezaliwa nacho."

Nilitaka kummwagia rangi. Nimezaliwa nacho? Ule mbuzi mwenye shida naye nilizaliwa naye? Sugu hizi? Nilingojea siku hii nionyeshe kwamba mtu anajifunza, nao wananipa jibu la Nestori.

Nikiwa juu kule tembo alikuwa karibu na uso wangu. Nikaona mikunjo ya mkonga. Kila mkunjo ameuvuta mara moja tu, kwa ubavu wa brashi, rangi nene mwanzoni inaisha yenyewe. Hakuna mraba unaokuambia hivyo. Hakuvuta hivyo mara ya kwanza, hilo nalijua sasa. Kuna tembo wengi walioharibika mahali fulani, na hakutaka yeyote awaone.

Nilishuka. Nikaenda kuosha mikono.

Jumapili, 24 Septemba

Mvua kidogo alfajiri. Hatukwenda kanisani. Deo alikunywa uji, akauliza kama umebaki mwingine. Ni maneno ya kwanza marefu tangu juzi. Baadaye alikuja mwenyewe dirishani, akafumba macho, akangoja. Nilimpulizia.

Kondakta wa basi la Kilosa anasema Nestori yupo kwa mama yake, anachambua mchele. Walimletea kibao cha kinyozi, akakataa. Amesema mkono haumsikii.

Kicheko chake cha harusini sijamsamehe. Kicheko changu cha barabarani sikijutii chote. Nusu tu. Ile nusu iliyomwangukia Deo, na labda robo nyingine.

Ila Mikumi wananisifu na sifa zao hazinishibishi. Wanajua nini wao. Mtu mmoja tu akiitazama kazi yangu ataona palipovunjika, na huyo nimemfukuza mwenyewe.

Nimezilainisha brashi zake kwa mafuta ya taa, unywele mmoja mmoja. Nitampelekea. Nitamwambia niliiona ile R kabla ya rangi. Atanitukana mbele ya mama mkwe, nami nitakaa kwenye mkeka mpaka amalize. Akimaliza nitamwuliza ile mikunjo ya mkonga inavutwaje. Akijibu tena kwamba hakifundishwi, nitalala hukohuko, nimwulize asubuhi.

Deo amekwenda kuuliza saa ya basi. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa Kilosa.