Nyuzi kwenye Mwaridi wa Baba

Nguvumali, Jumatano, 1956

Mvua tangu alfajiri. Uani hakukanyagiki, na mimi sina hamu ya kukanyaga.

Mwaridi wa baba haupo.

Baba alijifunza kazi ile kwenye bustani ya Wazungu huko milimani, akaja kunifundisha nyumbani. Unachukua unga wa ua kwa unyoya wa kuku, unaupaka kwenye ua la mwaridi mwingine, kisha unafunga uzi ili ujue lipi umelipaka. Fundo moja langu, mafundo mawili yake. Alitaka waridi jeupe lenye harufu ya hili letu jekundu la vikuba wanavyovaa wanawake. Miaka yote maua yalipukutika tu. Safari hii tulipata matunda matatu ya kutoa mbegu, na baba akaanguka kitandani kabla hayajaiva.

Kila asubuhi, nikishamwamkia, aliniuliza, "Yamegeuka rangi?"

Jana nilikwenda sokoni. Shangazi, dada yake aliyekuja kutoka Tongoni kumuuguza, alikuwa akifagia uani akaona nyuzi nyekundu zenye mafundo. Kwa Shangazi, uzi wa mafundo mtini na mgonjwa ndani ya nyumba ni jambo moja tu: mtu kafungwa. Akazifungua huku akisoma Ayatul Kursi, akaung'oa mti, akautia jikoni pamoja na matunda yake. Niliporudi nilikuta majivu, naye analia kwa furaha.

Nilitaka kumfokea. Nikachukua ufagio nikazoa majivu. Ndiye anayemsafisha baba kwa mikono yake.

Hapana pa kuanzia tena. Mwaridi ule mweupe uliotupatia unga umeoza mizizi kwa masika haya, na baba hana masika mengine. Hilo naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema.

Jana jioni Shangazi aliingia kumpa habari. "Kaka, walikufunga. Nimekufungua, na mti nimeuchoma. Utapona, inshallah."

Baba alinitazama mimi, si yeye.

"Ahsante, dada yangu. Mungu akulipe."

Leo asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikasimama mlangoni. Hakuniuliza kitu, alijifunika shuka akageukia ukutani. Shangazi anasema usingizi huo ni dalili ya kupona.

Kesho nitamwamkia tena, na nitasimama pale pale mlangoni. Sijui nitakuwa nangoja nini.