Njia ya Wazoefu

Nyegezi, Mwanza
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Paskazia,

Shikamoo dada. Hamjambo huko Kamachumu? Miguu ya mama inaendeleaje na mvua hizi? Na mwanangu Anjela, bado anakohoa au dawa imemsaidia? Mimi mwili hauna ugonjwa, namshukuru Mungu. Moyo ndio si mzima, na ndiyo sababu nimenyamaza muda mrefu. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaiacha.

Unajua kwamba kiwanda cha nguo kule Nyakato kilitupunguza. Tangu mitumba ianze kumwagika masokoni, vitenge vyetu vikawa vinalala ghalani, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Kazi niliyopata baadaye sikukueleza vizuri, maana niliogopa mtacheka. Kuna Mzungu mmoja, Bwana Jan, alifungua hapa Nyegezi biashara ya kutembeza wageni kwa baiskeli. Si baiskeli kama ile ya baba ya kubebea mikungu. Hizi zina matairi manene yenye meno na gia nyingi, zinapanda mlima kama mbuzi. Wageni wanatoka kwao mbali wanalipa hela ili watoe jasho! Cheka tu dada, hata mimi nilicheka.

Aliyenipeleka huko ni Masanja. Tulikuwa wote kiwandani, yeye fundi wa mashine, mimi upande wa ufumaji, na tulipunguzwa siku moja. Alikumbuka kwamba nilikuwa nakwenda kazini kwa baiskeli. "Nyie Wahaya mnajisifu kwa vitabu," aliniambia, "kumbe wewe unajua na balabala." Alikuwa Msukuma wa Sengerema hasa, barabara kwake ni balabala, na nikimcheka yeye anacheka kuliko mimi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta njia. Bwana Jan alitaka zenye mandhari ya kupendeza, lakini tuzitenge kufuatana na uwezo wa mtu. Tulizunguka msimu mzima wa kiangazi, mimi na Masanja, tukiulizana, "Hapa mama yako angepita?" Tukapata tatu.

Ya kwanza inaanzia hapa Nyegezi na kufuata ufuko kuelekea kusini. Ni tambarare, matuta ya viazi upande huu, maji upande ule, na ukianguka unaangukia mchanga. Hiyo ni ya wanaojifunza. Ya pili ni njia ya ng'ombe inayopita katikati ya mawe makubwa. Ina vilima vidogo na kijito cha kuvuka, na ziwa linajificha halafu linatokea ghafla, wageni wanapiga kelele kwa furaha. Ya tatu iko ng'ambo. Unavuka na kivuko, unaendesha mpaka kwenye kilima kimoja cha mawe kisicho mbali na kwao Masanja. Juu kule, dada, nisikudanganye, ni pazuri. Pimbi wanaota jua juu ya majabali, na ghuba yote imetandazwa chini yako na visiwa vyake. Lakini kushuka ni kama kushuka ngazi iliyobomoka, na upande mmoja ni korongo. Hiyo tuliiita njia ya wazoefu.

Kabla ya safari, kila mgeni nilimzungusha uani. Apite katikati ya madebe, ashuke kale kateremko ka langoni, asimame nikimwambia asimame. Anayebana breki ya mbele peke yake ni wa ufukweni. Anayetazama gurudumu lake badala ya kutazama anakokwenda, naye wa ufukweni.

Mwanzoni mwa mvua hizi akaja mwanaume mmoja wa makamo, mpole tu, mwenye kamera shingoni. Uani aligonga debe, akaligonga tena. Nikamwendea Bwana Jan.

"Huyu ni wa njia ya kwanza," nikamwambia. "Na hata angekuwa hodari, mawe ya kule yamelowa."

"Editha, ameiona ile njia kwenye picha. Amesafiri kwa ajili yake. Ninyi mtamwangalia."

Nikamgeukia Masanja. Akajikuna kichwa. "Twende naye. Pale pabaya tutasukuma kwa miguu."

Ndivyo tulivyokubaliana, na mpaka kileleni tulifika salama. Mgeni alipiga picha mpaka akachoka. Mteremko ulipoanza Masanja alishuka, akaonyesha kwa mkono. Mimi nikamwelezea mgeni kwa Kiingereza changu hiki cha sekondari: hapa hatuendeshi, tunasukuma. Akaitikia kwa kichwa. Masanja akatangulia mpaka kwenye kona kutazama kama jiwe linateleza.

Sijui yule mtu aliwaza nini. Labda aliona aibu kusukuma mbele ya mwanamke. Nilikuwa nimeinama nafunga kiatu, nikasikia matairi yakivingirika. Nikapiga kelele, "Masanja! Anakuja!"

Dada, nafasi ya kumpisha ilikuwepo. Nimerudia kuitazama kichwani, ilikuwepo. Lakini nyuma ya ile kona kuna korongo, na Masanja alilijua. Alitupa baiskeli yake akasimama ukingoni, mikono ameitanua kama mtu anayezuia ndama asitoke zizini. Wakagongana. Mgeni akaangukia kwenye majani, akachubuka kiwiko. Masanja akaenda kinyumenyume, chini.

Nilimfikia nikiwa natambaa. Macho yalikuwa wazi.

"Mgeni mzima?" akaniuliza.

"Mzima."

"Haya." Kisha akasema, "Editha, miguu yangu iko wapi?" Nilikuwa nimeishika yote miwili.

Watu waliokuwa wanalima chini walipanda na kitanda cha kamba, wakambeba mpaka barabarani, pikapu ya mfanyabiashara wa pamba ikatufikisha hospitali ya Sengerema. Aliishi siku chache. Mkewe, Kabula, hakutoka pale kitandani, na mimi nilikuwa nachemsha uji kwa jamaa zao na kuupeleka. Asubuhi moja nimefika na uji wangu, nikakuta kitanda kimetandikwa shuka safi.

Bwana Jan alinunua jeneza, alisimama kaburini na kofia mkononi, akalia. Yule mgeni alimshika Kabula mikono yote miwili, akasema maneno mengi ambayo sikuweza kuyatafsiri, kisha akasafiri. Hakuna aliyewatukana. Nimejaribu kumchukia mmoja wao, ingenisaidia, lakini nashindwa.

Matanga yalipoanuliwa, Kabula aliniambia, "Nipeleke alipoangukia."

Nikamwambia ni mbali na pabaya. Akajifunga kanga na kutangulia. Dada, mimi ndiye niliyekuwa nahema nyuma yake. Alipita juu ya yale mawe kama anayepita sebuleni kwake. Kileleni akaketi.

"Hapa ndipo ninapokata kuni," akasema. "Tangu nilipoolewa. Nashuka na mzigo kichwani, na mimba nimeshuka nazo hapa hapa." "Hao wageni walikuwa wanakuja kuona nini?"

"Ziwa," nikasema. "Wanasema ukiwa hapa linapendeza."

Akalitazama muda mrefu. Siku ile lilikuwa la kijivu, mvua inalijia kutoka visiwani. Nilifikiri atasema kitu, lakini aliuliza tu, "Na yeye alikuwa akilitazama?"

Nikamwambia ukweli, kwamba Masanja alikuwa akifika hapa anakalia jiwe lile la kushoto na kusema moshi ule mdogo pale chini ni wa jikoni kwa mkewe. Ndipo Kabula alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Nami nikamwacha alie, sikumgusa. Mvua ikatukuta hapo hapo.

Tangu wakati huo nakaa kwake zaidi kuliko hapa. Tunapalilia viazi pamoja. Juzi nimevuka kuja kuonana na Bwana Jan. Ameifunga ile njia ya tatu, na anataka mimi niwe kiongozi wa hizi mbili zilizobaki. Alinisihi kwa upole. Nilitoka uani na kuishika moja ya zile baiskeli, nikajiambia nizunguke tu madebe. Niliinua mguu, nikaushusha. Nikairudisha ukutani, nikamwambia hapana.

Kwa hiyo narudi nyumbani, dada. Ulikuwa ukiniita kila barua nami nasema mwakani, mwakani. Nimalize kumsaidia Kabula kuvuna, halafu nitapanda meli. Sina kazi, na mizigo yangu ni sanduku lile lile nililoondoka nalo. Mwambie mama nakuja, lakini habari za Masanja ziache kwanza, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa karibu yake.

Nisalimie shemeji na umwambie asinihurumie sana. Msalimie mjomba aliye mgonjwa, shangazi wa kule bondeni, na mama yangu wa ubatizo. Anjela mbusu mashavu yote mawili. Kama amenisahau sura, msimlazimishe kunijua.

Nina ombi moja tu. Nikifika, usiniulize kitu mbele ya watu. Nipe kisu na ndizi za kumenya, ukae upande wa pili wa ungo, na mambo mengine yatatoka yenyewe.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,

Editha