Bunduki Nyepesi Iliyobaki Dukani

Baba Neema wangu,

Mzee wa duka la bunduki amepiga simu tena. Ni mtu mpole, hakunisukuma. Alisema ile bunduki uliyoichagua bado iko kwenye kabati lake la chuma, haijatolewa kwenye boksi, na kuna mteja mwingine anaiulizia. Leseni yangu imetoka, kwa hiyo nikitaka naweza kuomba kibali ikawa yangu. Nisipotaka, anaomba aiuze. Nikamwambia anipe wiki moja nifikiri. Nilipokata simu nilikaa kwenye kiti chako, na badala ya kuifikiria bunduki nikaanza kukuwaza wewe.

Unakumbuka ile Jumapili ulivyorudi kutoka shambani kwa Kel? Wakati huo Kel, bosi wako wa ghala la Ingleburn, alikuwa ameanza kukuchukua mwisho wa wiki kwenda kwenye kile kishamba chake cha kondoo, mbele ya Goulburn. Uliingia ukinuka moshi na manyoya ya kondoo, hata viatu hukuvua. Ukasimama mlangoni mwa jiko ukasema, "Mama Neema, nataka kununua bunduki."

Nikauweka mwiko chini. "Bunduki? Tumekimbia bunduki mpaka tumefika huku Australia, mwisho wa dunia, wewe unataka kuinunua uilete ndani?"

"Si ya watu. Ni ya mbweha. Wanakula wana-kondoo wa Kel hata kabla hawajasimama."

"Na wewe mbweha amekukosea nini?"

Ulicheka mpaka ukashika mlango. Mimi sikucheka. Ulijua kwa nini. Kila mwaka mpya, watu wa Sydney wakienda kutazama fataki, sisi tulikuwa tunaingia bafuni, tunafunga mlango na kufungua maji ya bomba kwa nguvu, mpaka zile sauti zinyamaze. Neema alikulia humo, akidhani ndivyo watu wote wanavyosherehekea. Tulitoka Burundi tukiwa na masikio hayo, tukakaa nayo kambini Kigoma miaka yote ile, tukapanda nayo ndege.

Hukubishana nami. Hiyo ndiyo tabia yako ninayoikosa kuliko zote. Mwanamume mwingine angesema ndiye mwenye nyumba. Wewe ulinawa mikono, ukala, na kesho yake ukaanza kutafuta bunduki ambayo mimi ningeweza kuivumilia.

Kel alikushauri ununue kubwa kama yake. Ukaisikiliza ikilia kule shambani, ukarudi ukaniambia hiyo hapana, sauti yake inapiga kilima halafu inarudi tena. Ukaifikiria ile ndogo ya sungura. Kel akasema hiyo ni nyonge kwa mbweha, ataondoka na jeraha akafie mbali, na jambo hilo hukulipenda. Ndipo ulipogundua kwamba ziko bunduki ndefu zinazotumia risasi za bastola. Ulifurahi kama mtu aliyepata nyumba. Ulinieleza mara nyingi hata nami naweza kueleza: risasi ni fupi na nene, inakwenda polepole, na ukichagua zile za taratibu, zikipita kwenye mtutu mrefu mlio wake unapungua sana. Bega halipigwi kwa nguvu. Haiendi mbali kama ile ya Kel, na shamba la Kel ni dogo, jirani yupo karibu. Kwa mbweha aliyesogea karibu, inatosha.

Ulipomweleza Kel habari ya mlio mdogo, akakuuliza, "Unataka kuwaua hawa mbweha au kuwabembeleza?" Uliniletea utani huo nyumbani kama zawadi. Huo niliucheka.

Basi jioni zetu zikawa za kuchagua bunduki. Chai mezani, simu yako imeegemea kopo la sukari, wewe unasoma, mimi nachambua maharage. Mwenye duka alikuwa amekupendekezea ile ya kuvuta mkono wa chuma chini ya kifyatulio, kama za kwenye sinema za wachunga ng'ombe, akisema ina kasi. Ulikataa. Ulitaka ya komeo, ile yenye chuma unachokiinua, ukakivuta nyuma, ukakisukuma mbele na kukilaza, risasi moja kila mara. Nikakuuliza kwa nini ujitese.

"Kwa sababu komeo linatoka," ukasema. "Ukilichomoa, hii si bunduki tena. Ni bomba. Mimi nitakaa na mtutu, wewe utakaa na komeo. Siku usiyotaka niende, huniambii neno. Hunipi komeo, basi."

Niliendelea na maharage. Hujui nilivyokupenda dakika ile. Baadaye kidogo nikasema, "Haya, nionyeshe picha," na nikaona mabega yako yanashuka.

Zilibaki mbili. Moja ya kitako cha mbao, nzuri, inang'aa kama kabati la mama mkwe. Nyingine ya plastiki nyeusi, nyepesi, mbaya kama mguu wa kiti cha ofisini. Mimi nilitaka ya mbao. Nikakwambia, kama lazima tuwe na bunduki, angalau iwe nzuri.

"Utaitazama saa ngapi? Itakuwa imefungiwa kabatini."

"Nitajua kwamba ni nzuri."

Ukasema bega lako lililoumizwa na maboksi ya Ingleburn halijui uzuri, linajua uzito. Ukachukua ufagio ukanifundisha: inua, vuta, sukuma, laza. Neema akapita, akasema kwa Kiingereza chake kwamba baba, huo ni ufagio. Ukamjibu, "Nyamaza, utawashtua mbweha." Akaondoka akitikisa kichwa, lakini nilimwona anatabasamu.

Halafu tukaenda dukani wote, tumevaa barakoa, na wewe kwa furaha ukamweleza yule mzee mpango wetu wa mtutu na komeo. Akakusikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani iliyoshikwa na ukungu wa barakoa, akaipangusa, akatueleza taratibu kwamba sheria ya hapa hairuhusu. Mtu asiye na leseni hawezi kukaa na kipande cha bunduki, hata awe mke, hata kiwe kipande kidogo kiasi gani.

Ulinigeukia. Uso wako ulikuwa umesawijika. Nilidhani utaniomba tulegeze ule mpango. Ukamwambia mzee, "Basi na yeye ataomba leseni."

"Nani?" nikakuuliza kwa lugha yetu.

"Wewe, Mama Neema."

Hivyo ndivyo mimi, ninayekimbia fataki, nilivyoingia darasa la usalama wa silaha, mwanamke pekee, nimekaa kwenye kiti kilichowekwa mbali na chako kwa sababu ya korona. Kila nilipoogopa nilikuwa nakutazama, na juu ya barakoa macho yako yananiambia kaa. Tulifaulu wote. Lakini mimi sikukosa swali, wewe ulikosa lile la kuvuka uzio. Ulisahau kwamba mtu hutoa risasi kwanza, akailaza bunduki chini, ndipo avuke. Wiki nzima kila ulipopita mlango nilikuwa nakwambia, "Toa risasi kwanza, baba." Nawe ulikuwa ukiniomba msamaha, mikono juu.

Kikafika kibali chako. Bunduki ikaletwa dukani. Na Sydney ikafungwa.

Mitaa yetu ya Liverpool, upande huu wa Sydney, ilifungwa kuliko mingine. Hatukuruhusiwa kwenda mbali, helikopta ikawa inazunguka juu ya nyumba, na mimi nikawa nafungua maji ya bomba mchana. Uliendelea na kazi kwa sababu ghala halikufungwa. Nami niliendelea kwa sababu wazee ninaowahudumia hawawezi kujiogesha. Sijui ugonjwa uliingia na nani kati yetu. Nimeacha kuuliza. Ulianza na kikohozi, ukasema ni vumbi la maboksi. Walipokuja na gari la wagonjwa walikuwa wamejifunika mwili mzima, na uliwatania kwamba wamevaa kama wafuga nyuki. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia bila simu.

Kule hospitali kulikuwa na nesi Mkenya. Yeye ndiye aliyekuwa anashika simu mbele ya uso wako. Aliniambia, "Mama, wewe ongea tu, anasikia." Nikaongea. Nikakupa salamu za watu wote wa Merrylands, kanisa letu zima, mmoja mmoja. Maneno yakaniishia. Mtu hajui kwamba maneno yanaweza kumwishia mbele ya mtu aliyeishi naye maisha yote. Basi nikaanza kukusomea habari za ile bunduki, urefu wake, uzito wake, risasi zinazoingia, kama ulivyokuwa unanisomea wewe. Nesi akasema, "Mama, anafanya hivi na mkono, sijui anataka nini." Akaisogeza simu. Mkono wako uliinuka kidogo juu ya shuka, ukarudi nyuma, ukaenda mbele, ukalala.

Huenda ilikuwa homa. Mimi nimeamua kwamba haikuwa homa.

Tulikuzika watu wachache, waliobaki walitazama kwenye simu. Watu wa Merrylands hawakuweza kuja kukaa matanga, lakini mara walipofunguliwa njia walileta sufuria, wakaziacha mlangoni na kusimama barabarani wakiimba. Nilisimama dirishani. Walipoondoka, nilipeleka sufuria moja mezani na nikatenga sahani yako bila kujua.

Leseni yangu ilikuja kwa posta baadaye. Picha yangu ni mbaya, nimekaza uso kama niliyekamatwa.

Sasa nikueleze nilichofanya na ile wiki niliyoomba. Nilimpigia Kel. Akaja kunichukua Jumamosi, na Neema akaja pia, kiti cha nyuma, vitu vya muziki masikioni. Njiani Kel hakusema mengi. Alisema watu wa ghalani bado wanakuulizia, kisha akajirekebisha, akasema wanakutaja.

Shamba ni zuri, hukuwahi kunieleza vizuri. Wewe ulinieleza mbweha tu. Hukuniambia kwamba majani yanakuwa meupe kwa baridi, wala kwamba kondoo wanakohoa kama binadamu. Kel alinipeleka kwenye kile kilima mlichopenda kulalia mkisubiri. Akatandika gunia. Nikalala kifudifudi, mama mzima na koti la kanisani, nikaegemeza viwiko. Alinipa darubini tu, bunduki yake aliiacha kwenye gari. Kisha akashuka kumwonyesha Neema wana-kondoo, akaniacha peke yangu.

Nilikuwa nimejiambia hivi: nikiweza kulala pale bila hofu, nitaichukua. Nitakuwa na kitu ulichokichagua kwa ajili yangu, nitakibeba, nitakuja huku. Na hofu haikuja, Baba Neema. Nilisubiri ije. Kulikuwa kimya, na jua linapasha mgongo.

Ndipo mbweha akatoka. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Mwekundu, miguu myeusi kama aliyevaa soksi. Alipita chini kabisa kando ya seng'enge, karibu, pale ambapo risasi yako ya polepole ingemfikia, akasimama kunusa. Nikashika pumzi. Nikageuka kukuonyesha.

Kulikuwa na gunia na majani.

Nililala pale mpaka Neema aliponiita, kwa Kiswahili, sijui alikitoa wapi: "Mama, shuka, chai inapoa."

Jumatatu nilimpigia mzee wa duka. Nikamwambia aiuze. Akaniuliza kama nina hakika, maana ikishakwenda imekwenda, na ya namna hiyo haipatikani kila siku. Nikamwambia sina hakika, lakini aiuze. Tuliichagua ibebwe na watu wawili, na mimi siwezi kuibeba peke yangu hata ingekuwa nyepesi kama karatasi. Akasema kwamba mke wake naye aliondoka duniani mwaka huo huo. Tukabaki kwenye simu, mimi na yeye, mpaka mteja akaingia dukani kwake.

Pumzika, mume wangu. Kesho naingia kazini mapema, na Neema amesema atanisindikiza kituoni.

Ni mimi, mkeo,
Mama Neema